Kisa cha binti aliyepata viza akakosa anwani

Kazi yangu ni kukaa na wanafunzi wa Kitanzania wanaotaka kwenda kusoma Ujerumani na kupitia mafaili yao karatasi kwa karatasi kabla hawajayapeleka ubalozini Dar es Salaam. Kisa ninachokichambua hapa ni cha binti wa miaka 26, mhandisi wa maji, aliyepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo cha umma kwenye mji mmoja wa jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, kwa muhula wa baridi wa 2025/26. Ameridhia nikiandike mradi asitambulike, kwa hiyo jina lake, la mji na la chuo sitayataja.

Nimekichagua kwa sababu binti huyu hakuwa mzembe. Masharti aliyasoma yote, tarehe alizishika, na viza ikatoka. Hata hivyo wiki zake za mwanzo kule alizipitisha akiwa na zaidi ya euro 11,000 benki kwa jina lake mwenyewe, huku akikopa hela ya mkate. Watu wengi wakisikia hivyo husema tu kwamba Ulaya kugumu, wakaishia hapo. Mimi naona chanzo kilikuwa huku nyumbani, kwenye namna faili lilivyoandaliwa. Kila karatasi ilimlenga afisa wa viza. Hakuna hata moja iliyoulenga mwezi wa kwanza.

Fedha zilivyopatikana na zilivyotumwa

Kuchagua Sachsen kulikuwa na hesabu yake. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada, lakini si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München kilianza kuwatoza wanafunzi hao kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula kulingana na kozi. Chuo cha binti yetu kilidai mchango wa muhula peke yake, ule unaogharamia huduma za wanafunzi na, mara nyingi, usafiri wa mjini.

Mzigo ulikuwa kwenye fedha za kujikimu. Mwanafunzi asiye na ufadhili anatakiwa kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kuishi mwaka mzima, na njia ya kawaida ni akaunti ya zuio, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Unaweka fedha zote kabla ya viza, na ukishafika unaruhusiwa kutoa kiasi maalumu tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30. Ipo pia njia ya mtu anayeishi Ujerumani kukuwekea dhamana rasmi mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake, akiahidi kubeba gharama zako, lakini binti hakuwa na ndugu kule.

Mama yake alichukua mkopo SACCOS. Baba yake mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, akatoa zaidi ya nusu. Yeye mwenyewe akaongeza akiba ya miaka miwili ya kazi. Fedha za baba mdogo ziliingia kwenye akaunti ya mama kwa mkupuo, bila maelezo, na hapo ndipo maswali yalipoanza: benki ikataka kujua zimetoka wapi na zinakwenda kufanya nini nje ya nchi, na kampuni inayoendesha akaunti ya zuio ikauliza vilevile. Tulimwomba baba mdogo barua fupi yenye sahihi, leseni ya biashara na taarifa yake ya benki ya miezi ya karibuni. Mzee wa watu alisita kidogo. Kumwonyesha mgeni hesabu za dukani si jambo dogo kwa mfanyabiashara, na namwelewa. Alipoelezwa kwamba bila karatasi hizo fedha zake zingekaa zimening'inia, alizituma siku hiyohiyo.

Kisha likaja tatizo ambalo mwanafunzi hawezi kuliona mpaka limkute. Fomu ya benki ya kutuma fedha nje ina sehemu inayouliza makato yatabebwa na nani: mtumaji peke yake, mpokeaji peke yake, au wagawane. Karani aliweka alama kwenye kugawana kwa sababu ndivyo walivyozoea. Fedha zikapita kwenye benki za katikati, kila moja ikakata chake, na kule zikafika pungufu kwa euro 33. Kampuni haitoi cheti cha uthibitisho mpaka kiasi kitimie. Kwa euro 33 faili zima likasimama, na kutuma hizo 33 nako kuna ada yake na siku zake za kusubiri. Tangu hapo kila mzazi anayekwenda benki namwambia asimame dirishani mpaka aione alama imewekwa kwenye sehemu ya mtumaji kubeba makato yote, kisha atume euro 100 za ziada juu ya kiwango.

Barua iliyomtetea

Binti alikuja kwangu na barua ya kueleza nia yake, aliyoandikiwa na wakala kwa malipo. Ilianza kwa kusema Ujerumani ni nchi inayoongoza duniani kwa teknolojia na kwamba tangu utotoni alitamani kusoma huko. Ungeweza kubadilisha jina la nchi na la kozi ukaitumia kuombea udaktari wa meno Kanada. Afisa wa viza husoma barua kama hizo kila siku, na swali lake ni moja: je, mtu huyu anakwenda kusoma kweli, na kozi hii inaingiaje katika maisha yake? Barua ile haikuwa na jibu.

Nikamuuliza alikuwa akifanya nini kazini. Akaniambia alisimamia mradi wa maji wa kijiji wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru, ambako maji ya chemchemi na visima yana floridi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo mengi ya huko inapita mara kadhaa, na ndiyo maana utakuta watoto wenye meno ya kahawia na wengine miguu iliyopinda. Mradi ulikuwa na mitungi ya kuchujia kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo hufika mahali ukachoka, ukaacha kunasa floridi, lakini maji yanayotoka yanaonekana masafi na ladha ni ileile. Kazi yake ilikuwa kupima na kusema lini mkaa ubadilishwe. Aliniambia kuna kaya zilikunywa maji ya mtungi uliochoka kwa miezi kwa sababu kifaa cha kupimia kiliharibika na hakuna aliyekuja na kingine. Alitaka kujifunza kufuatilia maji ya ardhini yanavyosafiri kwenye miamba ya volkano, ili visima vichimbwe pale ambapo floridi ni ndogo tangu mwanzo.

Nikamwambia, "Mwanangu, haya uliyoniambia ndiyo barua."

Akaandika upya mwenyewe, kurasa moja na nusu, akataja masomo ya kozi kwa majina na kueleza kila moja linagusaje kazi ile. Haikuwa barua ya kupendeza sana kwa lugha. Ilikuwa ya kweli, na iliafikiana na cheti chake, barua ya mwajiri na wasifu wake, mwezi kwa mwezi. Kuafikiana huko nakuweka juu kuliko ufasaha. Mafaili mengi niliyoyaona yakikwama yalikuwa na karatasi nzuri zisizosema jambo moja: wasifu unasema kazi ilianza Machi, barua ya mwajiri inasema Juni, na mwombaji mwenyewe dirishani anasema mwaka juzi.

Maombi yaliingia kwa njia ya mtandao. Tangu Januari 2025 ofisi za viza za Ujerumani duniani kote zinapokea maombi ya aina hii kupitia tovuti ya huduma za kibalozi. Unapakia hati, zinakaguliwa, kisha unaitwa kwa miadi na pasipoti na hati halisi, unatoa alama za vidole na kulipa euro 75. Nakala hupelekwa pia kwa ofisi ya wageni ya mji unaokwenda, ambayo nayo ina sauti. Ndiyo maana kupiga simu ubalozini kila juma hakuharakishi kitu.

Mwezi Julai ubalozi ukamwandikia kumtaka aeleze zaidi: kwa nini miaka miwili ilipita baada ya shahada ya kwanza, na shahada ya pili itamwongezea nini wakati tayari ni mhandisi. Ujumbe huo ulimtia homa. Alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa maana zamani aliyenyimwa viza ya Ujerumani angeweza kuandika barua ya pingamizi kwa ubalozi uleule na faili likaangaliwa upya bila gharama. Tangu tarehe 1 Julai 2025 njia hiyo imefutwa duniani kote. Ukinyimwa, ama unaanza maombi mapya na malipo mapya, ama unafungua kesi kwenye mahakama ya utawala mjini Berlin. Kwa hiyo maelezo ya ziada yanayoombwa kabla ya uamuzi yamekuwa na uzito kuliko zamani, na hayastahili kujibiwa usiku mmoja kwa mistari miwili. Alijibu kwa ukurasa mmoja, akaambatisha ripoti mbili za vipimo vya maji alizosaini akiwa kazini. Viza ikatoka mwanzoni mwa Oktoba, ya miezi mitatu.

Nyumbani kukawa na furaha. Mama mtu alinipigia akilia, "Mwalimu, Mungu akulipe." Na tiketi ikakatwa haraka haraka, maana vipindi vilikuwa karibu kuanza.

Euro 11,904 zisizoguswa

Alitua katikati ya Oktoba akiwa na euro 350 mkononi. Kila mtu alimwambia zinatosha, kwa kuwa fedha zake ziko kule zinamsubiri. Chumba alikuwa amekipata kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi: kijana mmoja anakwenda mafunzo ya kazi mji mwingine, anakiachia kwa mwezi mmoja kwa euro 280. Alimlipa usiku uleule aliofika. Akabaki na 70.

Asubuhi akaanza kufungua akaunti ya kawaida ya benki, kwa sababu akaunti ya zuio hailipi fedha taslimu. Inahamishia kwenye akaunti yako ya Ujerumani. Benki ikamwambia alete hati ya usajili wa makazi. Benki za simu, ambazo wenzake wa Ulaya walifungua kitandani, zilikataa kumtambua kwa njia ya video kwa pasipoti yake. Akaenda ofisi ya wananchi kujisajili. Sheria inamtaka kila anayehamia kwenye makazi ajisajili ndani ya wiki mbili, na kwa hilo unahitaji karatasi moja yenye jina refu, Wohnungsgeberbestätigung, ambayo mwenye nyumba au anayekupangisha anasaini kuthibitisha kwamba kweli umehamia pale. Akamwandikia yule kijana. Kijana akajibu hawezi kusaini: yeye mwenyewe ni mpangaji, na hakumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kumpangisha mtu mwingine.

Hapo ndipo kamba ilipomfunga. Bila sahihi hakuna usajili, bila usajili hakuna akaunti ya benki, bila akaunti fedha za zuio hazitoki, na bila fedha hawezi kuhamia chumba kingine ambacho mwenyewe atasaini, kwa kuwa kila chumba kinataka amana. Alikuwa akifungua programu kwenye simu na kuiona ile 11,904 imeandikwa pale, kisha anaifunga na kwenda darasani kwa miguu, mwendo wa dakika 50, kwa sababu hakutaka kugusa 70 zilizobaki.

Kwa kweli kisheria yule kijana alipaswa kusaini. Anayempangisha mwenzake naye ni mtoa makazi, na sheria ya usajili inamlazimu. Lakini binti aliyefika juzi, asiyejua lugha, angemshtaki nani? Angepoteza hata kitanda alichokuwa nacho.

Siku chache baadaye akatokea Mswahili mwenzetu aliyekaa kule muda mrefu. "Dada yangu, mbona unateseka? Nakupa anwani yangu, nasaini, unanipa 150 ukishapata hela zako." Binti akaniandikia usiku kuuliza. Nilimjibu asiguse jambo hilo kabisa. Kutoa anwani kwa mtu asiyeishi pale ni kosa lenye faini inayoweza kufika euro 50,000, na yeye angekuwa amewapa mamlaka taarifa ya uongo wiki chache kabla ya kuomba kibali cha ukaazi kwa mamlaka zizo hizo. Barua zote za serikali, pamoja na namba ya mlipakodi, zingekwenda kwenye kisanduku cha mtu mwingine. Nimesikia wengi wakiita jambo hili msaada. Ni kumweka mtoto wa watu rehani.

Kilichomtoa ni kusema. Alikuwa amekaa kimya chuoni kwa aibu, akidhani matatizo ya nyumba si ya kupeleka ofisini. Nilimsihi aende dawati la wanafunzi wa kimataifa akaeleze yote, pamoja na zile euro 70. Mama aliyemhudumia alisikiliza, akanyanyua simu palepale na kuzungumza na taasisi inayoendesha mabweni ya wanafunzi. Jina la binti lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri, chini kabisa, kwa kuwa aliomba baada ya viza kutoka. Mtu mmoja alikuwa ameghairi chumba cha kuanzia tarehe 1 Novemba. Kwa ajili ya amana, yule mama akamwelekeza kwenye jumuiya ya wanafunzi ya kanisa, ambayo ina mfuko mdogo wa dharura. Binti ni Mwislamu, na alikaa siku nzima akisita kugonga mlango ule. Hawakumuuliza dini. Walitaka kuona barua ya udahili, cheti cha akaunti ya zuio na mkataba wa bweni, wakamkopesha euro 400 bila riba.

Tarehe 1 Novemba ofisi ya bweni ilimsainia ile karatasi bila kuombwa mara mbili, kwa sababu kwao ni kazi ya kila siku. Akajisajili, akafungua akaunti, kampuni ikathibitisha hati zake, na mwishoni mwa Novemba euro 992 za kwanza zikaingia. Alilipa kwanza deni la jumuiya.

Karatasi ambazo hazikuwemo

Nikiliangalia faili lake sasa, ombi la bweni ndilo lililopaswa kuwa karatasi ya kwanza kabisa, siku ileile barua ya udahili ilipoingia kwenye barua pepe mwezi Mei. Kuomba hakudai viza. Ukipata chumba kabla ya kupata viza, unaandika na kukiachia. Familia nyingi huona kuomba makazi kabla ya viza ni kujitafutia nuksi. Nawaheshimu kwa hofu hiyo, lakini foleni ya mabweni haingoji dua zetu zikubaliwe.

Kama bweni limekosekana na unachukua chumba cha muda, kuna swali moja la kuuliza kabla ya kutuma hata senti: je, utanisainia hati ya usajili wa makazi? Jibu likiwa hapana au "tutaona", tafuta kwingine hata kama ni ghali zaidi. Na usitume amana kwa mtu ambaye hujaona chumba chake wala mkataba wake. Kwenye nyumba ya kawaida ya kupanga sheria ya Ujerumani inaweka ukomo wa amana, kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za maji na joto, na inamruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu tatu. Anayedai zaidi ya hapo kabla hujafika ni wa kuogopwa.

Kisha fedha za mkononi. Akaunti ya zuio imepimwa kwa mwezi wa kawaida, na mwezi wa kwanza si wa kawaida. Kuna amana, kodi, godoro au shuka, nguo za baridi, na bima ya afya inayoanza kudaiwa tangu unapoandikishwa chuo. Kwa mwanafunzi wa chini ya miaka 30 kwenye mifuko ya bima ya umma ilikuwa kama euro 145 kwa mwezi mwaka huo. Mimi sasa nawaambia wazazi waandae euro 1,500 nje ya akaunti ya zuio, na mtoto asafiri nazo sehemu kwa noti na sehemu kwenye kadi inayofanya kazi Ulaya. Kuingia Umoja wa Ulaya na kiasi kilicho chini ya euro 10,000 hakuhitaji tamko la forodha.

Najua jibu la wazazi, kwa sababu mama yake binti alilitoa: fedha zote zimekwisha kwenye hiyo akaunti. Ndiyo. Na hapo ndipo nasema jambo ambalo halipendwi: heri asubiri muhula mmoja au mwaka, kuliko kumpeleka mtoto na 350. Kuomba chuo upya kunachosha, lakini kunawezekana. Binti huyu aliponea kwa mama mmoja wa dawatini kuwa na roho nzuri asubuhi ile, na mpango hauwezi kujengwa juu ya hilo.

Kibali, kazi na mitihani

Viza ya miezi mitatu ilikuwa inaisha mwanzoni mwa Januari, na miadi ya ofisi ya wageni iliyopatikana ilikuwa ya Februari. Alichanganyikiwa, akadhani anageuka mhamiaji haramu. Sheria inamlinda anayeomba kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha: haki zake zinaendelea mpaka ofisi itoe uamuzi, na anaweza kupewa hati ya kuonyesha hivyo. Neno zito hapo ni kabla. Alituma ombi lake Desemba na kuhifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Februari alilipa euro 100, akatoa alama za vidole tena, na kadi ikaja.

Yule wakala alikuwa amemwambia kwamba atafanya kazi na kujilipia kila kitu. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Machi 2024. Kabla ya hapo zilikuwa 120 na 240. Ruhusa si kazi. Bila Kijerumani, muhula wa kwanza milango iliyomfungukia ilikuwa ya kufanya usafi usiku na kupanga mizigo ghalani, na kozi yake ilikuwa na maabara asubuhi. Alifanya usafi wikiendi, kidogo.

Darasani ndiko alikojikwaa bila mtu kuona. Amezoea mfumo wa nyumbani ambako kazi za muhula zina alama 40 na mtihani 60, kwa hiyo ukiteleza kuna pa kushikia. Kule masomo yake mengi yalitegemea mtihani mmoja wa mwisho, na kabla ya kuufanya lazima ujiandikishe kwenye mfumo wa chuo ndani ya tarehe maalumu. Hakuna mwalimu anayekukumbusha. Nafasi za kurudia nazo zina kikomo: mara nyingi ukishindwa mara ya tatu umefungiwa kozi hiyo, na kibali cha ukaazi kimeshikamana na kozi. Alijiandikisha mitihani minne, akafaulu mitatu, na mmoja ataurudia.

Kuna mambo ya Desemba ambayo hakuniambia mpaka yalipopita. Jua linazama kama saa kumi jioni. Ujumbe kutoka nyumbani ulikuwa mwingi, na sehemu yake ilikuwa ya ndugu wakiuliza lini atatuma chochote, wakati yeye alikuwa bado anakula maharage ya kopo. Aliacha kupokea simu za ukoo kwa muda. Mama yake alidhani amejaa maringo ya Ulaya, na wiki kadhaa zikapita kabla sijawaunganisha wakazungumza vizuri. Nilimwonyesha mama hesabu ya mwezi: kodi ya bweni, bima, simu, chakula, mchango wa redio na televisheni ya umma wa euro 18.36 ambao unadaiwa kwa kila makazi. Alipoona kinachobaki alinyamaza kidogo, kisha akasema atazungumza na shangazi zake.

Sasa tunaloshughulikia ni mwaka wa pili. Kadi yake ya ukaazi inaisha, na ofisi ya wageni itataka tena uthibitisho wa fedha za kujikimu, jambo ambalo familia haikulijua walipokuwa wakihangaika na mwaka wa kwanza. Mkopo wa SACCOS bado unalipwa, na baba mdogo amesema wazi hana nyingine ya namna ile. Profesa wake wa maji ya ardhini amempa mkataba wa msaidizi wa maabara, kazi ambayo kwa kuwa ni ya chuo haihesabiwi kwenye zile siku 140, na mshahara wake wa mwezi utapunguza kiasi anachotakiwa kuonyesha. Kwa sehemu iliyobaki ameomba mfuko wa kusaidia wanafunzi wa kigeni wanaokaribia kumaliza, ambao vyuo huuendesha kwa fedha za DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, na amekwisha kuandika ofisi ya wageni kuuliza kama mkataba pamoja na barua ya mfuko huo vitakubaliwa badala ya akaunti mpya ya zuio. Safari hii ameuliza mapema, kadi ikiwa bado na miezi.